Picha ya Mbao Iliyokatwa kwa Msumeno: Uifunike kwa Kioo au Uiache Wazi?

Nilipomaliza kukata sura ya shangazi yangu kwenye plaiwudi, niliitia kwenye fremu yenye kioo bila hata kujiuliza. Picha huwekwa kioo. Ndivyo nilivyozoea kuona. Wiki chache baadaye akaja mgeni, akasimama mbele yake, akasifu jinsi ilivyochapishwa vizuri. Nikamwambia haikuchapishwa, hiyo ni mbao, na kila mstari mweusi unaouona ni tundu. Akasogea karibu, akawa anainamisha kichwa huku na huku kukwepa mwako wa dirisha, na bado hakusadiki mpaka nilipoishusha ukutani, nikafungua nyuma na kumpa aishike.

Iliniuma. Kazi ya siku nyingi ilikuwa imemezwa na kipande cha kioo nilichokiweka mwenyewe kwa mazoea tu.

Tangu hapo nimeziweka picha za aina hii kwa namna zote mbili, nyingine nimezifunika, nyingine nimeziacha wazi, na chache nimezibadilisha baada ya mwaka. Msimamo wangu nausema mapema: picha nyingi za mbao zinapendeza na kudumu vizuri bila kioo. Lakini ziko ambazo ningezifunika leo hii. Kinachoamua ni nini kiko nyuma ya picha, mwanga unaingilia upande gani, na nani atakayeitunza.

Hii si picha bapa

Anayekata sura kwa msumeno wa nakshi, ile mashine ya mezani yenye uwembe mwembamba unaopanda na kushuka, hubandika mchoro juu ya ubao wa milimita 3 hadi 6, hutoboa kila sehemu inayotakiwa kuwa nyeusi, hupitisha uwembe tunduni na kukata mpaka kipande kidondoke. Sehemu angavu za uso ni mbao iliyobaki. Sehemu nyeusi, yaani nywele, nyusi, mboni, kivuli cha chini ya pua, ni matundu yanayoonyesha ubao mweusi uliowekwa nyuma. Kati ya tundu na tundu kuna madaraja membamba ya mbao, mengine hayafiki milimita 2, na hayo ndiyo yanayoshikilia ukope au mwanga mdogo ndani ya jicho.

Kwa hiyo picha hii ina kina. Ukiwasha taa upande mmoja, kingo zake hutupa vivuli ndani ya matundu, na uso hubadilika kidogo kadiri unavyopita mbele yake. Karatasi iliyochapishwa haiwezi kufanya hivyo.

Mazoea ya kuweka kioo yametokana na karatasi. Karatasi hufyonza unyevu, huingia madoa, na haifutiki, ndiyo maana picha ya kamera au mchoro wa rangi za maji hukaa nyuma ya kioo. Michoro ya rangi za mafuta, hata ile iliyochorwa juu ya mbao, kwa kawaida huning'inizwa wazi kwa sababu imepakwa vanishi. Mona Lisa imechorwa juu ya ubao wa mti wa mpopla, na leo iko nyuma ya kioo kinene kwenye jumba la makumbusho la Louvre, Paris, lakini kinga hiyo ni dhidi ya watu zaidi ya kitu kingine: mwaka 1956 ilirushiwa jiwe, na mwaka 2022 mtu aliipaka keki, ikaishia kwenye kioo. Picha ya sebuleni haina maadui wa namna hiyo. Vanishi yake ikipakwa vizuri ndiyo kioo chake.

Mwako: hapa ndipo kioo kinapoharibu zaidi

Kioo cha kawaida hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga kwenye uso wake wa mbele na asilimia 4 nyingine kwenye uso wa nyuma. Jumla ni kama 8. Juu ya karatasi nyeupe hazionekani, kwa sababu weupe wa karatasi wenyewe unang'aa kuzishinda. Ila sura ya mbao nusu yake ni weusi, na weusi huo hurudisha mwanga kidogo kuliko kioo kilicho mbele yake. Unajua dirisha linavyogeuka usiku, giza likiwa nje na taa ikiwaka ndani: badala ya kuona nje unajiona mwenyewe. Nywele za shangazi yangu zilikuwa hivyo hivyo. Kila aliyesimama mbele yake alikuwa anaona pazia, balbu na kichwa chake mwenyewe ndani ya nywele zake, na ndani ya mboni za macho, mahali ambapo uhai wa sura nzima umejificha.

Wengi wakiliona tatizo hili hukimbilia kioo kisichong'aa, kile chenye uso uliokwaruzwa kwa ustadi ili mwanga utawanyike. Kwa karatasi iliyogusana na kioo kinafaa. Kwa mbao hakifai, nami nalisema hili kwa msisitizo kwa kuwa nimelipia kosa hilo: kadiri picha inavyokaa mbali na kioo hicho, ndivyo inavyofifia kama inayotazamwa kupitia ukungu. Na ubao wetu wa nyuma uko mbali kwa lazima. Unene wa mbao ukiwa milimita 6, ukaongeza nafasi ya milimita 5 kati ya mbao na kioo, weusi uko milimita 11 nyuma. Mistari myembamba uliyoikata kwa kushikilia pumzi inakuwa moshi.

Kipo kioo chenye utando maalumu wa kuzuia mng'ao, kinachorudisha chini ya asilimia 1 ya mwanga bila kutia ukungu. Hicho kinafanya kazi kweli. Ukikitazama moja kwa moja unaweza usijue kwamba kipo. Bei yake ni mara kadhaa ya kioo cha kawaida, na alama za vidole huonekana juu yake upesi, lakini kama lazima kioo kiwepo na picha ni ya thamani kwako, weka hicho au usiweke kabisa.

Akriliki, ile plastiki angavu, hurudisha mwanga karibu sawa na kioo. Sifa zake ziko kwingine: ina takriban nusu ya uzito na haipasuki vipande vyenye makali. Kasoro yake kwa kazi yetu ni umeme tuli. Ukiisugua kwa kitambaa kikavu inavuta kila chembe iliyo karibu, na picha iliyotoka kwenye msumeno daima ina chembe za unga wa mbao zilizojificha kwenye kona. Utafunga fremu ikiwa safi jioni, asubuhi utakuta vidoadoa vimeganda upande wa ndani. Ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na usitumie dawa za vioo zenye amonia. Zinaitia nyufa ndogondogo zisizoondoka.

Vumbi: hapa mtetezi wa kioo ana hoja

Sitaki kulipunguza jambo hili. Sura yenye matundu 150 ina rafu 150. Kila tundu lina mdomo wa chini, upana wake ni unene wa ubao, na vumbi hukaa hapo kimya. Kwa kuwa nyuma ni nyeusi, linaonekana mapema: mwezi wa kwanza hutaona kitu, wa tatu utaona kijivu chini ya kila nyusi.

Hatari kubwa zaidi inatokana na anayekuja kulifuta. Kitambaa hunasa. Uzi mmoja unaingia kwenye tundu, mkono unavuta, daraja linakatika. Nimewahi kukata ukope kwa namna hiyo, kwenye picha iliyonichukua siku nne, na nilikuwa najua kabisa kwamba nisitumie kitambaa. Dawa ni brashi laini ya rangi, pana kama vidole viwili, unaipitisha kwa kufuata urefu wa mistari na si kuikatiza. Kipira cha mkono cha kupulizia hewa husaidia kwenye kona. Mashine ya kufyonza vumbi pia inafaa ukiweka mdomo wake umbali wa kiganja, huku brashi ikisukuma vumbi kuelekea kwake.

Kinachosahaulika ni kwamba vumbi hutegemea sana ulichoweka nyuma. Kitambaa cha felti cheusi ni kizuri siku ya kwanza, weusi wake ni mzito kuliko rangi ya kawaida, lakini hushika vumbi na kutoliachia. Hadibodi, yaani ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, iliyopakwa rangi nyeusi isiyong'aa haina weusi huo, ila inafutika kwa brashi kwa dakika mbili. Ukitaka kuacha picha wazi, anza na hadibodi. Ukiwa umeshagandisha felti na hutaki kuibandua, basi umeshachagua kioo tayari, hata kama hukujua.

Na vanishi iingie matunduni. Wapo wanaopaka uso tu na kuacha kingo za ndani zikiwa mbao mbichi. Hizo hushika vumbi kama sufi. Mimi huzamisha picha nzima kwenye sinia lenye mafuta ya kulinda mbao, naigeuza, naiinua ichuruzike, kisha naipangusa na kuipulizia hewa ili mafuta yasigande kwenye kona. Matambara uliyotumia yatandaze nje yakauke. Mafuta ya kitani na mengine ya jamii yake hutoa joto yanapokauka, na matambara yaliyokunjwa yakarundikwa yanaweza kuwaka yenyewe.

Usidhani kioo pekee kinamaliza vumbi. Fremu yenye kioo mbele na nyuma isiyozibwa hupokea vumbi kwa nyuma, na hilo huwezi kulifikia bila kuifungua. Ukichagua kioo, ziba nyuma kwa karatasi ya gundi pande zote nne, na kabla ya hapo gongagonga picha yako kwa kiganja, polepole, uso ukitazama chini, mpaka unga wa mbao uishe kudondoka. Nimefungua fremu mara tatu kwa ajili ya chembe moja iliyotua juu ya jino jeupe.

Unyevu, joto na mbao inayopumua

Mbao hupokea unyevu hewa ikiwa nzito na kuutoa hewa ikikauka. Plaiwudi, kwa kuwa tabaka zake zimepishanishwa, hutanuka kidogo sana. Ubao mzima wa upana wa sentimita 30 unaweza kutanuka au kusinyaa milimita 2 au 3 kati ya majira na majira, tena kwa upande wa kukatiza nyuzi. Ndiyo maana picha isibanwe ndani ya fremu, iwe na kioo au isiwe nacho: acha upenyo mdogo kila upande.

Kioo kinaongeza mambo mawili ya kuhofia. La kwanza ni kugusana. Mbao iliyopakwa vanishi ikigusa kioo kwa muda mrefu, hasa kwenye joto, vanishi hunata. Siku ya kufungua inabanduka na uso wa picha. Tena plaiwudi nyembamba ikijipinda hata kidogo, katikati yake ndipo panapofika kwenye kioo kwanza, na katikati ndipo pua na macho vilipo. Weka vipande vya kutenganisha vya milimita 5 kwenye kingo, vijifiche chini ya mdomo wa fremu, na upake vanishi pande zote mbili za ubao ili usijipinde.

La pili ni mvuke. Mafuta ya kupaka mbao yanaonekana yamekauka baada ya siku mbili, ilhali yanaendelea kutoa mvuke kwa wiki kadhaa. Ukiyafungia nyuma ya kioo, mvuke huo hutua ndani ya kioo kama utando wa maziwa, nao unafuata umbo la sura, kama kivuli cheupe cha mtu huyohuyo. Subiri wiki tatu hadi nne. Kipimo changu ni pua: nikiinusa picha na bado nikasikia harufu ya mafuta, haijawa tayari. Shelaki na laka, aina nyingine za vanishi, hukauka upesi zaidi, kwa hiyo mwenye haraka ya kufunga fremu atumie hizo.

Picha iliyo wazi haina shida hizi. Inapumua, harufu inakwisha, na kama kuna kasoro kwenye vanishi utaiona na kuigusia siku hiyohiyo.

Jua

Wengi huweka kioo wakiamini kinazuia jua. Kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya miali mikali ya urujuanimno, lakini kinapitisha nyingi ya ile ya mawimbi marefu, pamoja na mwanga wote unaoonekana, na hivyo viwili vinatosha kubadilisha mbao. Kipo kioo na akriliki zenye kichujio kinachozuia karibu asilimia 99 ya urujuanimno. Hizo hupunguza kasi, hazisimamishi. Mbao ya mcheri huiva na kuwa nyekundu nzito, ya walnut hupauka, ya padauk huacha rangi yake ya chungwa na kuwa kahawia, plaiwudi nyeupe huelekea umanjano. Sehemu ya kuning'iniza picha ina uzito kuliko chochote utakachoweka mbele yake. Ukuta usiopigwa na jua, basi.

Uzito na kina cha fremu

Kioo cha milimita 2 kina uzito wa kilo 5 kwa mita moja ya mraba. Picha ya sentimita 40 kwa 50 itabeba kilo 1 ya kioo; akriliki ya unene huohuo haifiki nusu kilo. Si mzigo mkubwa kwa msumari mzuri. Lakini ukiisafirisha, kioo kikivunjika njiani vipande vyake vinaingia matunduni na kukata madaraja, na hapo hasara si kioo tena. Picha inayosafiri iende bila kioo, au na akriliki.

Kina ndicho kinachowashtua watu wakiwa tayari na fremu ya kununua mkononi. Piga hesabu: kioo milimita 2, nafasi 5, mbao 6, ubao wa nyuma 3. Jumla 16. Fremu nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya karatasi hazina mfuo, ule mtaro wa ndani unaopokea kioo na picha, wenye kina hicho. Bila kioo ni milimita 9 tu, na fremu za kawaida nyingi huzimudu. Ukijitengenezea fremu mwenyewe, chimba mfuo wa milimita 18 hata kama hutaki kioo sasa, na ufunge nyuma kwa vibana vya kuzungusha badala ya misumari. Mawazo hubadilika.

Ni lini ningeweka kioo

Ningekiweka pale ambapo nyuma ya mbao kuna karatasi yenye thamani, barua, ramani au picha ya zamani inayoonekana kupitia matundu. Hapo kinachohifadhiwa ni karatasi, na karatasi inahitaji kioo kama kawaida.

Ningekiweka jikoni na mahali penye moshi. Mafuta yanayoelea hewani hutua, vumbi linayanatia, na mchanganyiko huo hauondoki kwa brashi. Kuusugua ni kuvunja.

Ningekiweka pia kwa picha ya ubao wa milimita 3 yenye nywele zilizokatwa moja moja, ikiwa inakwenda kukaa mahali watoto wanafikia, au kwa mtu ninayejua hataipangusa kwa brashi hata nikimnunulia. Zawadi si ya kumpa mtu kazi asiyoitaka. Kwa huyo naweka akriliki, nafunga nyuma vizuri, namwambia asiitundike mkabala na dirisha.

Picha nyingine zote, sura ya mtu mmoja kwenye ubao wa milimita 6, madaraja yenye afya, hadibodi nyeusi nyuma, sebuleni au chumbani, naziacha wazi. Na nikiziacha wazi natumia nafasi ambayo kioo kingeila: nasogeza ubao wa nyuma milimita 8 hadi 10 kutoka kwenye mbao, kwa vipande vidogo vilivyogundishwa kwenye kingo. Ubao huo si lazima uwe mweusi tii. Ukiwa kijivu kizito au kahawia, taa ya juu inaangusha kivuli cha sura juu yake, na unapata picha mbili, moja ya mbao na nyingine ya kivuli chake, iliyoteleza kidogo chini. Nyuma ya kioo cha kawaida kivuli hicho kinapotea ndani ya mwako.

Kama bado husadiki, fanya jaribio kabla ya kununua chochote. Tundika picha bila kioo mahali inapokwenda kukaa. Toa kioo kwenye fremu yoyote uliyo nayo, ukifute, mwombe mtu akishike mbele ya picha sentimita moja hivi kutoka kwenye mbao. Itazame asubuhi dirisha likiwa wazi, kisha usiku taa zikiwaka, ukiwa umesimama na pia ukiwa umeketi pale unapoketi kila siku. Tazama macho ya sura hiyo, si fremu wala mbao. Ukiona macho, kioo kinaweza kukaa. Ukiona balbu, mwambie akiondoe.